Mgonga Magurudumu

Kazi yake ilikuwa kugonga.
Treni ya Mbale ikiingia Tororo, bado inahema,
babu huinama na kurunzi na nyundo ya mpini mrefu,
behewa kwa behewa:
nga, nga, kisha kimya kidogo, sikio limetegwa.
Gurudumu zima hulia.
Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichokosa moto.
“Binadamu ni kinyume,” alimwambia bibi,
“mtu mzima hunyamaza, mwenye ufa ndiye huimba.”

Othieno, aliyezaliwa usiku na kuajiriwa usiku.
Gitaa lake lilikuwa na nyuzi tano za dukani,
ya sita waya wa breki ya baiskeli,
ule unaolalamika chini ya nyingine zote
kama mgonjwa wa chumba cha pili.
Kwao Nagongera walipiga tongoli;
vidole alitoka navyo huko,
huzuni aliikuta stesheni:
Wateso, Wagisu, Wajaluo, Mnubi mmoja wa Bombo,
kila mtu na lugha ya mama yake ndani ya blanketi,
na Kiswahili cha kuombana kiberiti.
Kwa hicho cha kiberiti akatunga.

Mstari mmoja, kisha uleule tena,
wa tatu ukaja kujibu, au ukakataa.
Nimesikia wasomi wakiueleza mtindo huo
kwa maneno yanayohitaji ngazi.
Mimi ni fundi wa mageti, naona nyundo tu:
gonga, gonga, sikiliza.

Maganlal wa duka la vitambaa
alimleta mtu wa mashine kutoka Nairobi.
Babu aliimba mara moja. Jogoo akadakia katikati,
na jogoo yumo mpaka leo.
Malipo: shilingi kumi na mbili
na viatu vilivyombana.
Kwenye lebo waliandika: Wimbo wa Kienyeji, Uganda.
Jogoo naye hakutajwa.

Alikufa mwaka ule wa bendera mpya,
kati ya behewa la saba na la nane, yote ya pamba.
Wanasema mkono ulikuwa bado umeshika nyundo,
lakini watu husema hivyo kwa kila fundi.

Wimbo haukuhudhuria mazishi.
Ulikuwa Malaba, kwenye baa za madereva;
ulikuwa harusini, umeharakishwa hadi ukasahau kulia;
kwaya moja iliung'oa Soroti ikapachika Mbinguni.
Juzi niliusikia ndani ya simu ya mteja, mfukoni,
sekunde nne tu, kisha akapokea: “Niko njiani.”

Alikuja kijana wa Kampala na kinasa sauti.
Akamuuliza bibi Nyafwono, kwa adabu zote,
ni mwanamke gani huyo aliyeondoka:
*Amepanda ya Soroti, shingo hakuigeuza,*
*amepanda ya Soroti, shingo hakuigeuza.*
“Mwanamke gani?” bibi akashangaa. “Mbuzi!
Walimpakia kwa makosa na mizigo ya Maganlal.
Mbuzi wangu, wa mahari ya dada.”
Tulicheka mpaka chai ikamwagika,
kijana akiandika, akifuta, akiandika.
Kisha bibi akaumalizia, peke yake, bila sauti ya kuimba,
kama mtu anayesoma deni:
*Kamba nimebaki nayo, uzito wake haupo.*
Hakuna aliyecheka.
Akaomba sukari.

Gitaa lililiwa na mchwa. Viatu sijui.
Reli ya Mbale imeota majani, na wezi wa vyuma chakavu
huja usiku kuifungua, parafujo kwa parafujo.
Nyundo ninayo. Inazuia mlango wa karakana
upepo wa mwamba ukishuka alasiri.
Geti likiisha, kabla ya rangi, naiinua,
nagonga kiungo mara mbili.
Mwenye geti hukasirika, adhani namchelewesha.
Namwambia, subiri,
sijasikia bado.